Nafasi Mbili Kati ya Mistari

Mtafiti kijana anaposoma masharti ya jarida la kisayansi kwa mara ya kwanza huona mlolongo wa amri zisizo na sababu. Muswada uchapwe kwa nafasi mbili kati ya mstari na mstari. Pambizo ziwe pana pande zote nne. Kila jedwali likae kwenye ukurasa wake. Michoro isiingizwe ndani ya maandishi. Iletwe kando, na maelezo yake yaorodheshwe kwenye karatasi nyingine. Marejeo yafuate mtindo huu, si ule. Wengi hutii huku wananung'unika. Wasimamizi wao hawawaelezi, maana nao hawakuelezwa.

Mimi nilisoma uhazili Tabora, nikaajiriwa Dar es Salaam katika idara ya sayansi, na kwa miaka mingi miswada iliyotoka pale kwenda kwa wahariri wa Nairobi, London na Amsterdam ilipita kwenye vidole vyangu. Nilianza na mashine ya chapa, nikastaafu na kompyuta. Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma historia ya kazi hiyo, na jambo moja limenikaa: katika masharti yale hakuna hata moja lililotungwa ili kumsumbua mtu. Kila moja lilikuwa haja ya mtu fulani, aliyekaa mahali fulani, akiwa na kalamu au herufi za risasi au bahasha mkononi. Watu hao wengi hawapo tena. Haja zao zimebaki kwenye orodha.

Mwanzoni hapakuwa na muswada, palikuwa na barua. Tarehe 6 Machi 1665 Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alitoa toleo la kwanza la Philosophical Transactions. Wafaransa walikuwa wamemtangulia kwa miezi miwili: Denis de Sallo alitoa Journal des sçavans mjini Paris tarehe 5 Januari mwaka huohuo. Lakini jarida la Oldenburg ndilo lililojishughulisha hasa na maumbile na majaribio, na bado linatoka. Oldenburg alizaliwa Bremen, Ujerumani, akawa mtu wa lugha nyingi, na watu wa Ulaya nzima walimwandikia kumweleza walichokiona angani, majini, au ndani ya mwili wa mnyama aliyepasuliwa. Yeye alichagua, akatafsiri, akaondoa salamu na maneno ya adabu, kiini akakipeleka kwa mchapaji. Mwandishi hakuandaa chochote. Aliyeandaa ni katibu, na barua zile za nje zilimponza: mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Uholanzi, alishukiwa na kutiwa ndani kwenye Tower of London.

Kati ya waliokuja kumwandikia baadaye alikuwapo Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft. Hakuwa amesoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa zama zile. Aliandika Kidachi chake cha kila siku. Kuchora hakukuwa fani yake, kwa hiyo alimwajiri mchoraji amchoree alichokiona chini ya lenzi. Katika barua ya tarehe 9 Oktoba 1676 alieleza viumbe hai vidogo mno vilivyokuwa vikiogelea ndani ya maji ya mvua na ndani ya maji aliyolowekea pilipili manga. Oldenburg aliitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1677 ikachapishwa.

London wakaingiwa na shaka. Leeuwenhoek alikuwa na siri yake: hakutaka kumwambia mtu jinsi alivyozitengeneza na kuzitumia lenzi zake bora. Kwa kuwa hakutaka kutaja njia, ilimlazimu alete mashahidi. Alipeleka London shuhuda za watu wa heshima, wakiwamo wachungaji wa kanisa, waliosema kwamba wameviona viumbe hivyo kwa macho yao. Mwishowe, mwezi Novemba 1677, Robert Hooke aliwaonyesha wanachama wa Royal Society viumbe wenyewe, kwa hadubini yake, wakasadiki.

Ninapomwona mwanafunzi akiiandika sehemu ya mbinu kwa mistari mitatu ya haraka, ninamkumbuka Leeuwenhoek na wachungaji wake. Sehemu ile imewekwa mahali pa mashahidi. Ukieleza maji uliyatoa wapi, uliyaweka kwenye chombo gani, kwa joto gani na kwa muda gani, huhitaji tena mchungaji wa kukuapia, maana msomaji wa mbali anaweza kuyarudia mwenyewe. Na msomaji huyo anaweza kuwa hajazaliwa bado. Mwaka 1952 Dick, Kitchen na Haddow, waliofanya kazi Entebbe, walichapisha habari za kirusi kilichopatikana Aprili 1947 katika msitu wa Zika, kwa kima waliyempa nambari 766, aliyewekwa kwenye jukwaa juu ya miti ili aumwe na mbu. Toka kima kupata homa hadi makala kutoka ilipita miaka mitano. Kwa muda mrefu waliohitaji kuisoma makala ile walikuwa wachache. Homa ya Zika ilipolipuka Brazili mwaka 2015, madaktari wa dunia nzima waliirudia, na walikuta kima ana nambari, msitu una jina, na hatua zimepangwa moja baada ya nyingine.

Sharti la kuleta muswada kwa nakala tatu, ili wahakiki nao wapate zao, nalo lina watu wake. Kwa muda mrefu makala za Royal Society zilisomwa na kamati, ikapiga kura. William Whewell, mwalimu wa Cambridge, ndiye aliyependekeza kwamba wateuliwe wasomaji maalumu watakaoandika maoni yao juu ya kila makala, na kuanzia mwaka 1832 jambo hilo likaanza kufanywa. Makala ya kwanza kupitia njia hiyo ilikuwa ya mwanafalaki George Airy, wasomaji wakiwa Whewell mwenyewe na John Lubbock. Hawakukubaliana. Whewell alitaka kuisifu makala kwa jumla yake. Lubbock alikuwa ameona kasoro kwenye hesabu, akashikilia zirekebishwe. Tangu siku ya kwanza, basi, wahakiki wawili walikuwa na maoni mawili, na anayehuzunika leo kwa sababu mhakiki wa kwanza amesifu na wa pili amekwaruza ajue kwamba jambo hilo lina umri wa karibu miaka mia mbili.

Utaratibu huu haukuenea haraka kama watu wanavyodhani. Mwaka 1936 Albert Einstein, pamoja na Nathan Rosen, walipeleka makala juu ya mawimbi ya mvutano kwa jarida la Physical Review la Marekani. Mhariri, John Tate, akaipeleka kwa mhakiki, na maoni marefu yakarudi yakionyesha kosa. Einstein, aliyezoea majarida ya Ujerumani ambako mhariri aliamua mwenyewe, alikasirika, akajibu kwamba hakumruhusu mtu kumwonyesha mwingine makala kabla haijachapishwa. Akaiondoa. Ilipotoka kwenye jarida jingine mwaka 1937, hitimisho lake lilikuwa limebadilika, maana kosa lilikuwapo kweli. Na jarida la Nature halikulazimisha kila makala ipelekwe kwa wahakiki hadi mwaka 1973. Makala ya Watson na Crick juu ya umbo la DNA, iliyotoka ndani ya Nature tarehe 25 Aprili 1953, haikupelekwa kwa mhakiki yeyote.

Makala hiyo ya DNA ninaipenda kwa sababu nyingine. Aliyeipiga chapa ni Elizabeth, dada yake Watson, mwishoni mwa juma, ofisi ikiwa haina mhazili. Mchoro wa nyuzi mbili zilizojisokota, ambao sasa uko kwenye vitabu vya biolojia vya kila shule, ulichorwa na Odile Crick, mke wa Crick, aliyekuwa msanii. Kwenye makala majina yao hayamo.

Sasa niseme ya kwangu.

Mashine ya chapa haikujua italiki. Ilikuwa na umbo moja tu la herufi. Kwa hiyo jina la kiumbe, tuseme Anopheles gambiae, nililichapa kwa herufi za kawaida kisha nikalipigia mstari chini. Mstari ule haukuwa pambo. Ulikuwa ujumbe kwa mpanga herufi wa kiwandani, mtu ambaye sikumwona kamwe: hapa, ndugu, chukua herufi za mshazari. Mstari wa mawimbi ulimwambia achukue herufi nzito. Mistari miwili, herufi kubwa ndogo. Mitatu, herufi kubwa kamili. Mpanga herufi hakuhitaji kujua gambiae ni nini. Alihitaji kuona mistari, na mhariri naye alihitaji mahali pa kuiweka, pamoja na mabadiliko yake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu au ya buluu. Hiyo ndiyo nafasi mbili kati ya mistari. Ilikuwa kiwanja cha kazi cha watu wawili. Pambizo pana zilikuwa za kazi hiyohiyo: maneno ambayo hayakutosha juu ya mstari yaliandikwa pembeni, na maagizo ya ukubwa wa herufi yakakaa pale.

Jedwali lilikuwa na ukurasa wake kwa sababu kiwandani lilipangwa na mtu mwingine, mwenye ujuzi zaidi na anayelipwa zaidi, maana kupanga safu za tarakimu kwa risasi ni kazi ya taratibu. Upande wetu pia lilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Ukurasa wa jedwali pana ulihitaji mashine yenye roli ndefu. Kabla ya kugusa kitufe nilihesabu herufi za kila safu, nikagawa upana wa karatasi, nikaweka vituo. Ukikosea hesabu, safu ya mwisho inatumbukia nje ya karatasi, na unaanza upya. Vipeo na alama za chini za kemia nilizipata kwa kuzungusha roli nusu mstari juu au chini. Herufi za Kigiriki niliziachia nafasi, mwenye makala akazijaza kwa wino mweusi. Baadaye idara ilipata mashine ya IBM yenye kichwa cha mviringo, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1961. Ungeweza kuchomoa kichwa cha herufi za kawaida na kutia kingine chenye alama za hisabati. Siku ilipowasili, walimu walikuja mmoja mmoja kuitazama.

Nakala zilitoka kwa kaboni. Karatasi nzuri juu, chini yake kaboni, karatasi nyembamba, kaboni tena, karatasi nyembamba, na kuendelea hivyo. Kosa kwenye nakala ya juu lilikuwa kosa kwenye zote, na kila moja ilisafishwa peke yake, mimi nikitia kipande cha karatasi katikati ili ufutaji usichafue ya chini. Ya juu ilikuwa ya mhariri na mchapaji, zilizofuata za wahakiki. Ya mwisho, iliyofifia kuliko zote, ilibaki kwa mwandishi, na ndiyo iliyoingia kabatini.

Michoro ilikuwa ya mtu mwingine. Idara ilikuwa na mchoraji, mzee mtulivu aliyefanya kazi karibu na dirisha, kwa kalamu za Rotring za unene mbalimbali na wino mweusi, juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Maneno ya kwenye grafu hakuyaandika kwa mkono. Aliyasugua kutoka kwenye karatasi za Letraset, herufi moja moja, akizipanga kwa jicho. Alichora kila kitu kwa ukubwa unaozidi ule wa jaridani. Vijana waliona anapoteza karatasi. Kumbe mchoro ulikuwa utapigwa picha kiwandani na kupunguzwa ukubwa, na ukipunguza mchoro, mitetemo midogo ya mkono hupotea. Lakini mistari myembamba nayo hupotea, na herufi ndogo hugeuka madoa, ndiyo maana hadi leo majarida yanataja unene wa mstari na ukubwa wa herufi kwenye mchoro. Alikuwa na kipimo chake: mchoro akiutundika ukutani, akarudi nyuma hadi mlangoni, na bado akasoma tarakimu zote, basi umefaa.

Picha za hadubini zilikuwa na adabu zake. Zisafishwe kwenye karatasi inayong'aa. Zisibanwe kwa pini ya chuma, maana alama ya pini itaonekana kwenye chapa. Nyuma yake, kwa penseli laini isiyobonyeza, andika nambari ya picha, jina la mwandishi, na mshale unaoonyesha upande wa juu. Mshale huo ndio niliousisitiza kuliko yote. Mtu anaijua juu na chini ya picha ya ng'ombe, lakini kipande cha ini kikikuzwa mara mia nne hakina juu wala chini kwa mtu wa kiwandani.

Kisha bahasha, kadibodi mbili za kuzuia mkunjo, barua ya kumtambulisha mwandishi, na Posta kwa ndege. Jibu lilichukua majuma, mara nyingi miezi. Makala ikikubaliwa, siku moja ilirudi katika umbo la prufu, karatasi ndefu zenye harufu ya wino, na maagizo kwamba masahihisho yarudishwe ndani ya siku chache tu. Siku hizo zilihesabiwa na mtu aliyeishi mtaa mmoja na mwandishi. Sisi wengine tulipokea prufu muda umeshapita, mwandishi akiwa Tabora porini anakusanya mbung'o. Wahadhiri waliniachia maagizo: mwandishi akichelewa, mhazili asome na mwenzake. Tulikaa wawili, mmoja anasoma nakala ya kaboni kwa sauti, pamoja na vituo na mabano, mwingine anafuata kwenye prufu kwa kalamu. Nimesoma kwa sauti majina ya Kilatini ya minyoo mingi kuliko nyimbo nilizoimba kanisani.

Baada ya makala kutoka zilikuja kadi. Sijui kama vijana wanaweza kuliamini hili. Mtu wa Brno, au Madras, au São Paulo, ambaye maktaba yake haikuwa na jarida lile, aliona kichwa cha makala kwenye orodha, akajaza kadi ndogo iliyokwishachapwa, akaomba atumiwe nakala. Mwandishi alikuwa amepewa na jarida nakala za makala hiyo peke yake, na mimi nilizitia bahashani na kuandika anwani. Makala ilisafiri kwa mkono hadi kwa msomaji wake, na mwandishi alijua kila mmoja wao anakaa mji gani.

Taabu kubwa ilikuwa makala inapokataliwa. Kukataliwa kulimwumiza mwandishi. Mimi kulinipa kazi ya siku nzima, au zaidi. Jarida la pili halikutaka mtindo wa la kwanza. La kwanza lilitaka majina na mwaka ndani ya mabano, njia ambayo hufuatiliwa hadi kwa Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Harvard aliyeitumia mwaka 1881. La pili lilitaka nambari. Ili kugeuza majina kuwa nambari huwezi kugusa ukurasa wa mwisho peke yake. Kila ukurasa wenye jina ndani ya mabano lazima uchapwe upya, na nakala zake zote. Mwandishi akiongeza rejeo moja kwenye ukurasa wa pili, nambari zote zinazofuata zinasogea.

Wahazili wa dunia nzima walikuwa na kilio hicho. Januari 1978 kikundi kidogo cha wahariri wa majarida ya tiba kilikutana Vancouver, Kanada, kikakubaliana juu ya masharti ya pamoja, ili muswada ulioandaliwa kwa jarida moja upokelewe na jingine bila kuchapwa upya. Mtindo wa marejeo ulitayarishwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Masharti yalichapishwa mwaka 1979, na kile kikundi kikakua kuwa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo leo inaamua hata nani anastahili kuitwa mwandishi. Nimesoma hotuba nyingi zinazoisifia kamati hiyo kwa uadilifu wa sayansi, na inastahili. Lakini ilianza na marejeo, kwa kuhurumia vidole.

Katika miaka hiyohiyo umbo la makala lenyewe lilikuwa limeshaganda: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Umbo hilo si la kale. Katika majarida makubwa ya tiba lilianza kuonekana katika miaka ya 1940, na kufikia miaka ya 1980 lilikuwa ndilo pekee kwa makala za utafiti. Lina faida, msomaji anajua aingilie wapi. Lakini lina kitu linachokificha. Mwaka 1963 Peter Medawar, mwanabiolojia aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel, alizungumza kwenye redio ya BBC na kuuliza kama makala ya kisayansi ni ulaghai. Hakumaanisha kwamba wanasayansi wanadanganya matokeo. Alimaanisha kwamba makala inasimulia safari ambayo hakuna aliyeifuata: ati mtu aliona bila fikra yoyote kichwani, kisha akapima, kisha wazo likaja mwishoni. Dhana, bahati, ubishi na aibu vyote vimefutwa.

Mwaka huohuo wa 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, kwenye milima ya Usambara, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Vijana walikuwa wakitengeneza aisikrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, wanaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji zilikuwa chache. Mwenzake mmoja alitia maziwa yasiyochemshwa ili awahi, na Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akatia yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji. Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alikwenda likizo, rafiki yake muuza aisikrimu wa Tanga akamwambia kwamba yeye huweka ya moto makusudi, huganda upesi. Akafika Mkwawa, Iringa, akauliza tena darasani, na mwalimu akajibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaigeuza kuwa utani. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja ya maji ya bomba na moja ya maji ya moto, akajaribu mwenyewe. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaja shuleni kuzungumza, na Mpemba akainua mkono mbele ya wote.

Yote haya nimeyatoa kwenye makala yenyewe. Ndiyo ajabu yake. Ilitoka mwaka 1969 katika Physics Education, jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, chini ya majina ya Mpemba na Osborne, na kichwa chake ni neno moja tu la Kiingereza lenye alama ya kuuliza: Cool? Wakati huo Mpemba alikuwa Moshi, chuo cha wanyamapori. Nusu ya kwanza anasimulia yeye, kwa nafsi ya kwanza, aisikrimu na kicheko na yote. Nusu ya pili anasimulia Osborne, na hapo ndipo bika, vipimo na grafu zinapoingia. Osborne anakiri kwamba alidhani kijana amekosea, ila alikumbuka kwamba kazi ya mwalimu ni kuwatia moyo wanaouliza. Anasimulia pia fundi wa maabara aliyemtuma kulijaribu jambo hilo: fundi akarudi kusema kwamba ni kweli, maji ya moto yameganda kwanza, lakini wataendelea kulirudia jaribio hadi wapate jibu sahihi.

Kwa umbo la kawaida, makala hii ingeanza kwa sentensi moja kwamba jambo fulani limeripotiwa. Muuza aisikrimu wa Tanga asingekuwamo. Mwalimu wa Mkwawa asingekuwamo, na fundi ndiye wa kwanza angeondolewa. Aliyeamua kuziacha sauti mbili zikae kila moja kwa namna yake alifanya uamuzi mkubwa wa uhariri. Kwa sababu yake tunajua leo swali lilitoka wapi, lilizuiwa na nani, na lilikingwa na nani. Mwaka huohuo wa 1969 George Kell wa Kanada alichapisha katika American Journal of Physics makala juu ya jambo hilohilo, bila habari za Mpemba. Na ubishi haujaisha: mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha vipimo vyao na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Wao nao walirudi kwenye makala ile ya 1969, wakavichukua vipimo vyake, wakaviweka kando ya vya wenzao.

Kompyuta zilipofika, mengi yalikwisha haraka. Diski zilitumwa pamoja na karatasi, kisha karatasi ikaachwa, kisha bahasha. Rejeo likiongezwa, nambari zinajipanga zenyewe. Italiki ni kitufe. Prufu hufika kwa dakika, na siku zile chache za kuirudisha sasa ni chache kwa kila mtu sawasawa, Dar es Salaam na London. Mchoraji alistaafu na hakuchukuliwa mwingine. Wahadhiri walianza kuchora grafu zao wenyewe, na kwa muda zilikuwa mbaya. Nafasi mbili imebaki kwenye majarida mengi kwa ajili ya wahakiki wanaopenda kuchapisha na kuandika juu ya karatasi. Nao wanapungua.

Tangu miaka ya 2010 majarida mengi yameanza kumtaka kila mwandishi ataje alichofanya, kwa orodha ya majukumu 14: nani alibuni, nani alipima, nani alichanganua, nani alichora, nani aliandika. Fundi wa Osborne angepata mahali pake katika orodha hiyo.

Wenzangu waliobaki vyuoni, na ninyi wakuu wa idara mnaosafisha makabati ili mpate nafasi: zile nakala za kaboni zilizofifia, barua za wahakiki, prufu zenye kalamu mbili, na michoro ya wino iliyozungushwa kwenye mirija ya kadibodi, msizipeleke kuchomwa. Tunayajua ya Whewell na Lubbock kwa sababu Royal Society iliyatunza maoni ya wahakiki wake tangu mwaka ule wa 1832. Ziwekeni kwenye maboksi, tieni mwaka na jina la idara kwa penseli, pigeni dawa ya mchwa sakafuni kwanza, kisha mpelekeeni mkutubi. Kwenye kona ya chini ya ukurasa wa mwisho mtakuta herufi ndogo mbili au tatu baada ya alama ya mkwaju. Hizo ni za mpiga chapa. Ziandikeni nazo kwenye orodha ya maktaba.